Kitabu cha Kuchoma Nyama: Kikague Kabla Hujatoa Hela

"Shemeji, huyu kuku mmemvua wapi, Kilwa?"

Ndivyo alivyouliza kaka wa mke wangu, Idd pili, mbele ya wageni, paja la kuku likiwa mkononi. Kuku mwenyewe nilimchoma mimi. Rangi alikuwa nayo, ngozi imekauka vizuri, harufu imeshafika kwa jirani. Ila chumvi yake ilikuwa ya ng'onda. Na mimi nilikuwa nimefuata kitabu neno kwa neno: kikombe kimoja cha chumvi kwenye galoni ya maji, mlaze kuku humo usiku kucha.

Kitabu hakikukosea. Chumvi aliyokuwa nayo mwandishi, Mmarekani, ni ile ya chembe kubwa nyepesi, ambayo kikombe chake kina kama gramu 140. Yangu ilikuwa chumvi laini ya dukani, na kikombe hichohicho kinakaribia gramu 290. Nilimtia kuku chumvi mara mbili ya iliyotakiwa, kwa utiifu kabisa.

Toka siku ile sinunui kitabu cha kuchoma bila kukikagua, na ukaguzi naufanya palepale nimesimama, muuzaji ananitazama kwa jicho la "unanunua au unasoma?" Hapa Dar vitabu hivi utavikuta vipya kwenye maduka ya vitabu, kama yale ya Samora na lile la Slipway, na utavikuta vya mtumba vimepangwa chini kwenye vibaraza vya Posta. Vya mtumba ndivyo vyenye raha, maana bei inazungumzika. Ndivyo vyenye mtego pia, kwa sababu vingi vimetoka Uingereza na Marekani, vimeandikiwa majiko ya huko, mkaa wa huko na ng'ombe wa huko. Usiogope. Kuna vinavyovuka bahari vikafika salama, na kuna vinavyofika vimeoza. Kazi ni kuvitenganisha.

1. Litazame jiko lako kwanza

Kabla hujapanda daladala kwenda Posta, toka uani ulitazame jiko lako. Wengi wetu tuna jiko la mkaa la kawaida lililowekewa wavu juu, au nusu pipa lililochomelewa miguu na fundi wa mtaani. Waliojaliwa wana jiko la kununua, la mkaa au la gesi, lenye mfuniko. (Ukiagiza la pipa, muulize fundi pipa lilikuwa na nini. La mafuta ya kula halina neno. La kemikali mwachie mwenyewe.)

Tofauti kubwa kati ya majiko hayo ni mfuniko. Lile jiko la duara lenye mfuniko, ambalo sasa liko kila ua wa Marekani, lilibuniwa na George Stephen mwaka 1952 kwenye kiwanda cha Weber. Waandishi wengi wa kule wanaandika wakiwa na mfuniko kichwani hata wasipoutaja. Akikwambia "dakika 40" anamaanisha umefunika, joto linazunguka kuku kama kwenye oveni. Ukimfuata kwa nusu pipa lililo wazi, chini kunaungua na kwenye mfupa kunabaki damu.

Kwa hiyo fungua pishi lolote la kuku mzima. Je, mwandishi amesema jiko lifunikwe au liachwe wazi? Akisema wazi kabisa, hata kama jiko lake si kama lako, huyo ni mtu makini, endelea naye. Asiposema chochote, shaka ianze. Mfuniko wenyewe si tatizo kubwa, mimi nafunika kwa sufuria kubwa la aluminiamu lile la shughuli. Usitumie bati jipya la kuezekea, lina zinki, na zinki ikipata moto mkali moshi wake si wa kuvuta.

2. Uliza neno lina maana gani kwao

Hapa watu wengi hupigwa. Kwa Mwingereza, "grill" mara nyingi ni kile kipande cha juu ndani ya jiko la umeme au gesi, moto unashuka kutoka juu. Mmarekani hicho anakiita "broil", na yeye akisema "grill" moto uko chini, kama wetu. Nimewahi kununua kitabu chenye jalada la mbavu zinazong'aa, kufika nyumbani nakuta mapishi yote ni ya kuweka sinia chini ya moto wa jiko la umeme. Mtu wa mkaa atakifanyia nini?

"Barbecue" nalo lina mambo yake. Kusini mwa Marekani ni nyama inayoiva kwa moshi na moto mdogo, saa kwa saa, pengine kutwa nzima. Uingereza na Australia ni kuchoma tu nje, soseji zikiwemo. Sisi nyama choma yetu iko katikati: hatukai saa 12, lakini pia hatuchomi dakika 5. Soma kurasa mbili za mwanzo ujue mwandishi yuko upande gani. Ukitaka kuchoma mbuzi Jumapili baada ya kanisa na kula kabla ya saa kumi, kitabu cha moshi wa usiku kucha kitakutesa.

3. Soma sura ya moto. Kama haipo, kirudishe chini

Hii ndiyo hatua ninayoiamini kuliko zote, na ukiwa na dakika tatu tu, zimalizie hapa.

Pale mtaani kwetu Sinza kuna jamaa anachoma nyama kwenye baa moja. Kitabu cha kuchoma sidhani kama amewahi kukishika. Ukimtazama akianza kazi, makaa yote anayasukuma upande wa kushoto, kulia panabaki majivu matupu. Mguu wa mbuzi anauanzia kulia. Unakaa huko nusu saa na zaidi, anaugeuza bila haraka, mafuta yanadondokea majivu badala ya makaa, kwa hiyo hakuna miali inayolipuka na kuacha masizi. Baadaye kabisa ndipo anauvutia kushoto, dakika chache, apate ile rangi. Kabla ya kuuhamisha ananyoosha kiganja juu ya wavu, midomo inachezacheza kidogo, kisha anakiondoa. Siku moja nikamuuliza, "Kaka, unaomba dua?" Akacheka. "Nahesabu."

Kitabu kizuri kinakufundisha mambo hayohayo mawili ambayo yule jamaa anayo mkononi. La kwanza ni moto wa sehemu mbili, penye makaa na pasipo na makaa. La pili ni namna ya kuujua ukali wa moto bila kifaa. Kipimo cha kiganja kinatumika dunia nzima: weka kiganja kama sentimita 12 juu ya wavu. Ukishindwa kuvumilia kwenye sekunde 2 mpaka 4, moto ni mkali. Ukifika 5 mpaka 7, ni wa wastani. Ukifika 8 mpaka 10, ni mdogo. Mwandishi anayekupa kitu cha namna hiyo amekupa ufunguo wa mapishi yake yote, kwa sababu unaweza kuyahamishia kwenye jiko lolote.

Mwandishi mbaya anahesabu mkaa. "Weka vipande 100." Mkaa anaousema ni ule wa kufinyangwa kiwandani, vipande vinalingana kama mayai, vinawaka sawasawa na kwa muda mrefu. Wetu wa gunia kipande kimoja ni kama ngumi, kingine kama kidole, na ukifika chini ni chenga tupu. Unawaka kwa ukali zaidi na unaisha upesi. Ukihesabu vipande 100 vya mkaa wetu unaweza kuyeyusha wavu, au ukakosa moto kabisa, kutegemea umefungua gunia upande gani.

Halafu angalia anavyozungumzia kuni za moshi. Hikori na mesquite za Marekani hutaziona hapa. Kitabu kinachokwambia "lazima hikori" hakina msaada. Kinachokueleza kwamba unahitaji mti mgumu, mkavu, usio na utomvu, kinakuacha utumie akili: mwembe na mpera tunayo. Na kikikuonya usichukue mabaki ya mbao zilizopakwa dawa au rangi kwa fundi seremala, huyo mwandishi anakujali.

Mfano wa kitabu kilichoupa moto heshima yake ni *Franklin Barbecue: A Meat-Smoking Manifesto* cha mwaka 2015, cha Aaron Franklin wa Austin, Texas, alichoandika na Jordan Mackay. Mtu akikifungua akitafuta mapishi anaweza kukasirika, maana mapishi ni machache na yako nyuma. Kwanza ni jiko, kuni, moto na moshi. Pishi lake kuu la kidari silipiki, na sababu nitaieleza sasa hivi. Lakini mambo ya moshi mweupe mzito unaotia uchungu na moshi mwembamba usioonekana vizuri unaotia ladha, hayo yanafanya kazi Mbagala kama yanavyofanya kazi Texas.

4. Ng'ombe wa kwenye kitabu si ng'ombe wa Pugu

Nilienda bucha nikiwa nimeiva kwa kusoma.

"Kaka, nipatie kidari kizima. Mafuta usiyatoe, yaache yote."

Jamaa akakishika kidari, akakigeuza huku na huku, akanitazama kwa huruma. "Mafuta gani, bosi? Huyu ametembea toka Shinyanga."

Ndiyo hadithi nzima. Ng'ombe wa vitabu vya Marekani amenenepeshwa kwa nafaka, mafuta yamepenya mpaka ndani ya nyama kama mistari ya marumaru, na kule nyama inapewa daraja kwa kuangalia mistari hiyo. Kidari chake kikikaa kwenye moshi wa nyuzi 135 za Selsiasi kwa saa 10, yale mafuta yanakilinda, na zile nyuzinyuzi ngumu zinalainika na kuwa kama jeli. Ng'ombe wetu ni zebu, mwenye nundu, aliyekula majani na kutembea. Nyama yake ina ladha ya kweli, mimi siibadilishi na ya mtu, lakini haina mafuta ndani. Ukiipa saa 10 kwenye moto mkavu unatoa kiatu.

Basi kagua hivi. Fungua faharasa nyuma ya kitabu, utafute mbuzi. Vitabu vingi vya Marekani havina hata mstari mmoja. Ukimkuta mbuzi, au angalau kondoo kwa kurasa kadhaa, ujue mwandishi amewahi kuchoma nyama isiyojilinda kwa mafuta yake. Kisha tafuta papai bichi. Kimeng'enya kilichomo kwenye papai kinavunja protini ya nyama, na bibi zetu walilijua hilo kabla ya vitabu. Vitabu vya Wahindi vinalitaja sana. Kizuri kitakuonya pia usipitilize, kwa sababu vipande vya mishkaki vikilala kwenye papai muda mrefu vinakuwa uji juu na ndani viko vilevile.

Na usitazame Marekani peke yake. Brazili mifugo yake mingi ni zebu, na kwenye nyama choma zao wanachoma nundu, wanaiita "cupim". Hapa nundu wengi tunaitupia kwenye supu. Ukikuta kitabu cha Kibrazili chenye sura ya nundu, usikiachie. Waajentina nao wanachoma juu ya makaa, wavu wazi, chumvi na subira, karibu sana na nusu pipa letu. *Seven Fires* cha Francis Mallmann, kilichotoka mwaka 2009, kinaeleza njia saba za moto za kwao, mojawapo ni kufukia chakula kwenye majivu na makaa. Aliyewahi kufukia viazi vitamu jikoni kwa bibi hatahitaji maelezo marefu.

Kwa samaki ndiyo kabisa, waache Wamarekani. Mtu anayerudi na changu kutoka Feri atapata msaada zaidi kwenye vitabu vya Indonesia na Malaysia, ambako samaki wa kuchoma ana ukwaju, pilipili na jani la mgomba, vitu ambavyo kila soko letu linavyo.

5. Vipimo

Rudi kwenye chumvi iliyoniaibisha. Kitabu kinachotoa chumvi kwa gramu ni cha kununua karibu bila kuuliza. Kikitoa kwa vikombe au vijiko, angalia kama kurasa za mwanzo zinasema ni chumvi ya aina gani. Zikisema ni ya chembe kubwa nyepesi na wewe una laini, anza na nusu.

Kikombe cha Marekani ni kama mililita 240, si kikombe chako cha chai. Ratili yao ni gramu 454. Kijiko kikubwa ni mililita 15, isipokuwa Australia ambako ni 20, na tofauti hiyo kwenye pilipili utaikumbuka mwaka mzima.

Joto la Farenihaiti toa 32, kisha gawa kwa 1.8, upate Selsiasi. Mimi nimeandika kwa penseli ndani ya jalada yale yanayojirudia: 225 ni 107, 275 ni 135, 350 ni 177. Na kuna namba za ndani ya nyama ambazo kitabu cha maana lazima kizitaje: kuku 74 za Selsiasi, nyama ya kusaga 71. Kitabu kinachokwambia "choma mpaka aive" na basi kinakuachia matumbo ya watoto wako. Kipimajoto cha nyama si kitu cha kizungu tu. Nunua kimoja, kitakusaidia kuliko kitabu cha tatu.

6. Viungo na imani ya nyumbani

Hapa pita haraka. Hesabu mapishi kumi mfululizo. Mangapi yana nguruwe, mangapi yana pombe kwenye sosi? Kwa nyumba ya Kiislamu vitabu vingine vinabaki nusu. Kwa wapenzi wa kitimoto, heri yenu, mmeandikiwa maktaba nzima. Halafu angalia sosi: zikianza na chupa ya sosi nyingine ya kununua, mwandishi amekuuzia matangazo. Unataka zinazoanza na nyanya, siki, sukari, pilipili, kitunguu saumu.

7. Tafuta uongo mmoja maarufu

Kuna sentensi moja naitumia kama mtego. Kitabu kikisema kuchoma nyama kwa moto mkali mwanzoni "kunafunga" maji yake ndani, mwandishi hajakagua anachokisema. Wazo hilo lilienezwa na mwanakemia Mjerumani Justus von Liebig katika karne ya 19, na lilishapimwa likaonekana si kweli. Sikiliza nyama yenyewe: ule mlio wa chwaaa ni maji yanayotoka. Moto mkali unaleta rangi na ladha ya juu, na hiyo ni sababu tosha ya kuutumia.

Sisemi ukitupe kitabu kwa sentensi moja. Lakini ukiikuta, yale mengine yote yasome ukiwa na shaka. Kama unapenda kujua kwa nini, kuna *Meathead: The Science of Great Barbecue and Grilling* cha mwaka 2016, ambacho kimejaa maneno ya mtaani yaliyopimwa na kukutwa hayana ukweli. Humo ndimo nilipoelewa kwa nini kipande kikubwa cha nyama hufika nyuzi 65 hivi kisha joto likagoma kupanda saa nzima na zaidi: nyama inatoka jasho, na jasho linaipoza, kama sisi Februari.

8. Kishike, kikunje, kinuse

Kitabu cha kuchoma kinafanya kazi nje, penye mafuta na upepo wa bahari. Kifungue katikati ukilaze juu ya vingine. Kikijifunga chenyewe, kitakusumbua mikono ikiwa na mafuta. Cha mtumba hesabu kurasa, hasa pale katikati, maana watu huchana pishi walipendalo. Madoa ya mafuta mimi nayapenda: ukurasa wenye doa ni ukurasa uliopikwa. Kitabu cha miaka ishirini kisicho na doa hata moja kimekaa rafu kikitazamwa picha.

Picha zenyewe, usidanganyike na ile ya mwisho, nyama imepambwa majani. Unataka picha za katikati ya kazi: makaa yakiwa tayari yanafananaje, kisu kinaingia wapi, nyama inakatwa kuelekea upande gani wa nyuzi. Michoro ya penseli inayoeleza hayo ni bora kuliko picha mia za meza iliyopangwa.

9. Kipike kabla hakijawa chako

Ukiweza, kipate kwa kuazima, kwa rafiki au maktaba, ukae nacho wiki moja. Chagua pishi rahisi kuliko yote, mishkaki au mapaja ya kuku. Lipike mara ya kwanza kama lilivyoandikwa, ila chumvi tu uipime kwa akili. Andika pembeni: mkaa kiasi gani, ulianza saa ngapi, upepo ulikuwaje. Mara ya pili libadilishe upendavyo. Likishindikana mara zote mbili na wewe hukufanya uzembe, kirudishe kwa mwenyewe na shukrani.

Kwa muuzaji wa kibaraza mambo ni mengine, hakuazimi. Ila ukishajuana naye anakuwekea. Wangu sasa hivi akiona kitabu chenye moto kwenye jalada ananipigia simu, nami namuuliza kwanza, "Kina mbuzi?" Anafungua nyuma, nasikia kurasa zinapinduka, magari ya Posta yanapiga honi. Wiki iliyopita akarudi kwenye simu: "Bosi, mbuzi hayupo. Ila yupo kangaruu."

Nikamwambia kikae kidogo, nakuja kukiona.